Mtu wa saketi kwenye chumba cha ultrasaundi

Daktari wa kwanza niliyefanya naye kazi alianza kuniita "fundi" siku tuliyokutana, na hakuacha hata nilipopata uprofesa. Sikumkataza. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa kweli kama fundi: mashine yake ya kupimia mishipa ilikuwa inaunguruma kwenye spika, na mtu akamdokeza kwamba idara ya elektroniki ina mhadhiri kijana anayehangaika na mambo ya kelele za saketi. Kosa lenyewe lilikuwa waya wa ethi uliolegea. Nilipoukaza, muungurumo ukakatika, na katika ule ukimya nikasikia mshipa wa shingo wa msaidizi wake, aliyekuwa amejilaza pale ili tufanye majaribio: fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepulizia makaa.

Wengi hudhani ile ni sauti ya damu yenyewe. Siyo. Proba ile, yaani kile kichwa cha mashine kinachoshikwa juu ya ngozi, ilikuwa inatuma mawimbi ya megahetsi 5, ambayo hakuna sikio linaloyasikia, na chembe za damu zinayarudisha yakiwa yamebadilika kidogo kwa sababu zinatembea. Damu ikienda nusu mita kwa sekunde, na proba ikiwa imeinama digrii 60 kutoka kwenye mshipa, mabadiliko hayo ni kama hetsi 1,600. Ni bahati tu kwamba tofauti hiyo inaangukia palepale sikio letu linapofanya kazi vizuri. Christian Doppler aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842 akizungumzia nyota, na Mjapani Shigeo Satomura akaipeleka kwenye moyo na mishipa ya binadamu katika miaka ya 1950. Mimi niliisoma kwa ajili ya rada. Sasa nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi, nikimwomba daktari dakika tano zaidi za kusikiliza.

Ndivyo nilivyoingia. Sikupanga.

Miaka kama sita ya mwanzo nilikuwa popo: wanyama wananiambia nina mabawa, ndege wananiambia nina meno. Kamati ya kupandisha vyeo iliuliza kama ninafanya elektroniki au tiba. Jarida la wahandisi lilirudisha makala yangu kwa maelezo kwamba ni ya kitabibu. Nikaipeleka kwa madaktari, nao wakairudisha: hesabu nyingi mno, wagonjwa wachache mno. Nilikuwa ninajaribu kuandika makala moja ya kuwapendeza wote, na ikawa haimpendezi yeyote. Niliacha. Mambo ya saketi nikayaandika kama mambo ya saketi, bila hata neno "mgonjwa", na yale ya vipimo nikamwachia daktari awe mwandishi wa kwanza. Uamuzi huo ulinichelewesha cheo, kwa sababu kamati zilikuwa zinahesabu majina ya kwanza. Lakini mlango wa chumba chake haukufungwa kwangu hata siku moja, na mtafiti wa vifaa vya tiba asiye na mlango wa namna hiyo anabaki kupima ndoo za maji.

Jambo lililonibeba zaidi ni ukaidi wa kujenga mashine yetu wenyewe. Mashine zinazouzwa hukupa picha, hazikupi mwangwi. Ndani yake ishara imeshachujwa, imeshabanwa, imeshalainishwa ili ipendeze kwenye skrini. Kwa daktari hilo ni sawa kabisa. Kwa mtu kama mimi ni kama kuletewa mchuzi uliokwisha kuiva halafu uulizwe kama chumvi aliitia mpishi au ilikuwamo kwenye maji. Nilitaka ishara ghafi, ile inayotoka kwenye proba kabla haijaguswa na mtu.

Kuijenga kulinifundisha adabu. Proba hiyo hiyo, kwa waya huo huo, inapokea msukumo wa volti 100 hivi, na baada ya mikrosekunde chache inatakiwa isikie mwangwi wa damu ambao ni mikrovolti tu. Ni sawa na kumpigia mtu kelele sikioni, kisha papo hapo umtake asikie sisimizi akitembea. Kati ya mtumaji na msikilizaji unaweka dayodi za kuziba njia msukumo unapopita, kisha zifungue haraka. Zangu hazikuziba vizuri. Katika wiki moja nilichoma amplifaya ya mapokezi mara tatu, na mara ya tatu mtunza stoo aliniuliza kama ninazila.

Halafu kikaja kile kivuli.

Ili ujue damu inakuja au inaondoka, unaigawa ishara kwenye njia mbili zilizopishana digrii 90, kisha kompyuta inazilinganisha. Tulipoonyesha spektra yetu ya kwanza, yaani mchoro wa kasi za damu kwenye skrini, daktari aliinama kwenye skrini akanyamaza kidogo. "Fundi, hii damu mbona inarudi nyuma?" Juu ya mstari wa sifuri kulikuwa na mtiririko mzuri wa kwenda kichwani. Chini yake kulikuwa na mwenzake, hafifu, kama sura kwenye maji yaliyotulia. Nilimwambia ni mashine. Akasema: "Basi mimi nitajuaje lini ni mashine na lini ni ugonjwa?" Sikuwa na jibu, na swali hilo nimetembea nalo kazi yangu yote.

Kosa la digrii 5 tu katika ule upishano wa njia mbili huacha kivuli kilicho chini ya ishara yenyewe kwa desibeli 27 hivi, na jicho lililozoea linakiona. Chanzo kilikuwa kapasita mbili zilizoandikwa thamani moja ila hazikuwa sawa. Nikanunua mfuko mzima, nikazipima moja moja nikizipanga mezani jozi jozi, kama mtu anayechambua mchele. Kivuli kikafifia hadi kikapotea kwenye kelele. Nikamwita daktari, akapima, akaridhika, nami nikalala usingizi wa mwenye haki.

Wiki mbili baadaye kivuli kikarudi. Si kila mara, kinakuja, kinakwenda. Miezi mitatu niliilaumu saketi. Nilibadilisha bodi, nikabadilisha waya, nikafunika kila kitu kwa karatasi ya shaba. Wakati huo tulikuwa na beseni la majaribio: tangi la maji lenye uzi wa hariri wa kushonea vidonda, umefungwa fundo ukawa duara, unazungushwa na mota juu ya magurudumu madogo. Uzi unajulikana unakwenda kasi gani, kwa hiyo unajua mashine inadanganya kiasi gani. Maji lazima yachemshwe na kuachwa yapoe, maana viputo vya hewa hung'aa kuliko uzi. Na ni lazima ukumbuke kwamba sauti kwenye maji ya nyuzijoto 20 huenda mita 1,480 kwa sekunde, si 1,540 tunayoiweka kwa ajili ya mwili. Mimi nilisahau hilo, nikawa ninasoma kasi iliyozidi kwa asilimia 4, na aibu hiyo ilishaingia kwenye ripoti kabla sijaiona. Kila mzunguko, fundo likipita mbele ya proba, spika inalia tiki.

Aliyetegua kitendawili ni mwanafunzi wa uzamili, kijana mkimya ambaye nilikuwa nimempa kazi ya kuchosha ya kupima kila digrii kwa kipimapembe. Alinionyesha daftari. Kivuli hakikuhusiana na bodi wala waya. Kilikuwa kinakua proba ilivyokaribia kusimama wima juu ya uzi, na penye digrii 90 kamili pande mbili zilikuwa sawasawa, pacha.

Niliketi. Proba si nukta, ina upana. Mawimbi yanayotoka ukingo huu yanauona uzi unakuja, yale ya ukingo wa pili yanauona unaondoka, na yote yanarudi kwa pamoja. Saketi ilikuwa inasema kweli. Nilikwenda maktaba nikitetemeka kwa furaha ya mvumbuzi, nikakuta wengine walishayaandika hayo zamani, na hesabu zao zilikuwa safi kuliko zangu. Laiti ningesoma kabla ya kuchoma solda! Lakini hawakuwa wamekaa na daktari anayeuliza atajuaje. Sisi tulikuwa naye, na hapo ndipo kile kivuli tulichokifukuza kwa miezi mitatu kikageuka kuwa kipimo.

Maana tatizo kubwa la kupima kasi kwa kanuni ya Doppler ni pembe. Anayepima huuelekeza mstari kwa jicho juu ya picha ya mshipa, na mashine inaamini jicho lake. Ukikosea digrii 5 ukiwa kwenye 60, kasi yako imepotoka kwa asilimia 15. Ukikosea hizo hizo ukiwa kwenye 80, inaweza kufika karibu nusu nzima. Na ni kwa kasi hiyo daktari anaamua mshipa umeziba kiasi gani. Spektra pacha haihitaji jicho: pande mbili zikilingana, umesimama wima juu ya mtiririko. Ukiwa na mwale wa pili ulioinama kwa pembe unayoijua kutoka kwa ule wa kwanza, kasi unaihesabu bila kukisia. Tuliifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi, pamoja na kundi la wanafunzi wa uzamivu waliokuja mmoja baada ya mwingine, na nusu ya cheo changu imejengwa juu ya daftari la yule kijana. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye makala. Nilisisitiza.

Ruzuku za utafiti sizisemi sana. Niliomba nyingi, nikakataliwa nyingi, kama kila mtu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na chipu za kuchakata ishara. Mwanzoni tulikuwa tunasikiliza kina kimoja tu cha mshipa, dirisha moja. Chipu zilipopata mbio tukaweza kufungua madirisha mengi kwa wakati mmoja, kutoka ukuta hadi ukuta, tukaona damu ya katikati ikikimbia na ya pembeni ikijikokota, na mahali pengine, moyo unapolegea, ya pembeni ikirudi nyuma kweli. Safari hii daktari alipouliza, nilikuwa na ushahidi. Kuta za mshipa zilitusumbua sana, kwa sababu mwangwi wake ni mkubwa kuliko wa damu mara 100 au zaidi, na ukizichuja kwa pupa unaondoka na damu inayokwenda polepole, ambayo mara nyingi ndiyo unayoitafuta.

Baadaye tukajenga mtambo wa njia 64, yaani unaopokea ishara 64 za mwangwi kwa pamoja. Hesabu yake ilinitisha nilipoiandika ubaoni: sampuli milioni 50 kwa sekunde, biti 12 kila moja, mara 64, ni zaidi ya biti bilioni 38 kila sekunde. Hakuna waya tuliokuwa nao wa kubeba mzigo huo, kwa hiyo hesabu nyingi zilibidi zifanyike ndani ya bodi. Ulipokamilika nilifanya jambo ambalo wenzangu kadhaa waliliona ujinga: michoro na mitambo yenyewe tuliwapa watafiti wa maabara nyingine. Niliambiwa nimejinyima utajiri. Pengine. Lakini walioipokea walituuliza maswali ambayo sisi tusingejiuliza. Wengine walitaka kutuma wimbi bapa linalomulika eneo zima kwa mpigo, wapate maelfu ya picha kwa sekunde badala ya kuchora mstari baada ya mstari. Mtambo wetu haukuwa umebuniwa kwa kazi hiyo. Tukaubuni upya.

Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na sheria moja ambayo sikuilegeza kwa mtu, hata mwanafunzi aliyekuwa amebakiza wiki moja kuwasilisha tasnifu. Mtambo wa maabara haugusi shingo ya mtu kabla haujapimwa kwa haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, ukaonekana uko chini ya kikomo: miliwati 720 kwa sentimita ya mraba kwa wastani wa nguvu, na 1.9 kwa kipimo cha mshtuko wa shinikizo. Mashine za dukani hujizuia zenyewe. Ya kwako inatii programu uliyoiandika saa nane za usiku. Niliwahi kumzuia mtu kwa sababu ya namba moja iliyokosewa kwenye programu, iliyokuwa inafanya misukumo ijirudie mara nne zaidi ya tulivyodhani. Hakuniongelesha siku mbili. Shingo iliyokuwa inasubiri jeli ilikuwa yake mwenyewe.

Nimestaafu sasa, ingawa bado ninapitapita maabara wakiniruhusu. Bodi za mwanzo zimo kabatini, zile kapasita za jozi zikiwa bado zimeandikwa namba kwa kalamu ya wino mwekundu. Mara ya mwisho nilipokwenda, mwanafunzi mpya alikuwa amewasha tangi. Alikuwa amebadilisha mota na programu yote, na skrini yake ilionyesha vitu ambavyo mimi nilikuwa ninaviota tu. Nikasimama nyuma yake bila kusema. Tiki. Kisha kimya kidogo, kisha tiki. Akageuka akaniomba radhi: "Samahani Profesa, kuna kelele fulani hapa sijajua inatoka wapi, nadhani ni saketi."

Nikamwambia azime mota, achungulie uzi.