Lile neno "tu"

Tangu Jumatatu neno moja limenikaa. Nalala nalo, naamka nalo, na juzi nikiwa nachekecha udongo nikajikuta nalitamka kwa sauti, mpaka kijana anayenishikia ndoo akauliza, "Dada, unasema na nani?" Neno lenyewe ni "tu".

Kiwanja chetu cha upande wa Bagamoyo ni kile kinachosubiri hoteli, nasi tunachimba kutafuta mabaki ya kale yaliyomo. Zimebaki wiki mbili kabla tingatinga halijaingia. Bibi wa Vitumbua ni yule anayetuletea vitumbua pale tunapochimba. Jumatatu saa nne alikuwa ameketi chini ya mwembe, beseni mapajani, akaja msimamizi wa mwekezaji. Mtu wa haraka. Kamba tuliyozungushia shimo letu hakuivuka.

"Dada, mmepata nini?"

"Hakuna kikubwa. Ni nyumba za udongo tu."

Nilitaka aondoke. Nilijua nikimwambia hivyo hatapiga simu kwa wakubwa wake, nitapata siku zangu kumi na nne kwa amani. Akaondoka kweli. Nilipogeuka, Bibi alikuwa ananitazama.

"Mjukuu wangu, mie nyumba yangu ya udongo. Nimezaa humo watoto saba, na wawili wametolewa humo kwenda kuzikwa. Nayo ni tu?"

"Sikukusudia hivyo, bibi."

"Najua hukukusudia."

Akafunika beseni kwa kitambaa chake, akalitia kichwani, akaenda zake. Siku hiyo hatukula vitumbua.

Angenigombeza, ningelala. Ni ile "najua" iliyonichoma. Ameshanisamehe kukusudia, kwa hiyo imebaki kwamba neno lilitoka lenyewe, lilikuwa limeketi mdomoni siku zote likisubiri. Na nikijichunguza naona lilikotoka. Darasani picha tulizoonyeshwa zilikuwa kuta za matumbawe, mihrabu, makaburi ya nguzo. Jiwe ndilo lililoitwa mji.

Basi usiku nalala chali namjibu yule msimamizi upya. Namwambia msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu kuwa mji mzuri uliojengwa vizuri, na majengo aliyoyaeleza ni ya miti. Namwambia kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za nguzo za misikiti ya miti, mmoja chini ya mwingine, kurudi mpaka karne ya 8. Namwambia Chwaka, mji wa kale wa Pemba, ina misikiti ya mawe, lakini wengi wa watu wake walilala kwenye udongo na makuti, na hilo lisingejulikana kama wachimbaji wangeishia kwenye kuta zinazoonekana. Namwambia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kilichojengwa na mikono ya watu kabla ya 1863, bila kuuliza kilijengwa kwa jiwe au kwa udongo. Yote haya nilikuwa nayo kichwani Jumatatu saa nne. Likatoka "tu".

Jumanne mahari ya mdogo wangu imepokelewa, Jumatano mkataba wangu umeongezwa hadi Desemba, alhamdulillahi kwa yote mawili.

Alhamisi Bibi akarudi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama kawaida, nami nikashindwa kutoa yale maneno niliyoyapanga siku tatu. Nikasema tu, "Bibi, karibu uingie uone." Akaweka beseni chini. Akavua ndala. Akafika kwenye kamba, akasimama, na akasema:

"Hodi."

Mwenzenu nilichelewa kuitikia. Miezi miwili tunaingia na kutoka mule na ndoo na sululu, hakuna aliyewahi kubisha. Nikasema karibu, sauti ikanikwama kidogo, nikamshika mkono akashuka.

Chini kuna sakafu ya udongo ulioshindiliwa, na duara nyeusi za mashimo ya nguzo, kumi na moja mpaka sasa. Vigae vingi, vya vyungu vya kupikia zaidi. Vipande vitatu vya kaure ya kijani ya Uchina, ambavyo kila mgeni anataka kuvipiga picha. Bibi hakuviangalia. Alienda moja kwa moja kwenye lile doa jekundu ambalo daftarini nimeliandika "sehemu ya moto", akachutama.

"Jiko. Figa la tatu liko wapi?"

Nilikuwa na mawe mawili, nimeyapa namba tofauti. Akanyoosha kidole kwenye ukingo ambao hatujauchimba. Tulipousogeza kwa mwiko, kiasi cha kiganja kimoja ndani, likatokea jiwe limeungua upande mmoja, ule ulioelekea kwenye wenzake.

Kisha nikampa lile bonge. Ni kipande cha udongo wa kukandikia ukuta, kikubwa kama nusu mkate. Nyumba iliungua, moto ukauchoma udongo kama chungu, ndiyo maana haukuyeyuka na mvua za karne zote hizi. Nyuma kuna mifereji ya fito, na kwenye mfereji mmoja unaona hata msokoto wa kamba iliyofungia. Mbele kuna mistari minne ya vidole iliyovutwa kwenda juu. Bibi akavilaza vyake vinne humo. Vikaingia, vikabana kidogo. Akakigeuza kwenye mwanga, akanionyesha pembeni kitu ambacho nimekipiga brashi mara mbili nisikione: kitobo kidogo, cha kidole kimoja, hakitoshi hata kidole changu cha mwisho.

"Na huyu alikatazwa asiguse," akasema.

Tukacheka wote wawili. Sijacheka hivyo tangu tuanze kazi hii. Alikaa mule mpaka adhuhuri, akatuambia mlango ulikuwa upande gani na kwa nini, na vitumbua vikaisha vyote.

Samahani sijamwomba bado. Sijui kama kumkaribisha kulitosha au yeye bado anahesabu. Msimamizi anarudi Jumatatu, na daftari langu sasa limeandikwa "nyumba, jiko la mafiga matatu, watu wazima na mtoto". Nitamsomea hivyo hivyo.

Mama amepiga simu jioni hii kuulizia sare za harusi. Katikati ya maneno akasema dawa zake za presha zimeisha tangu Jumanne, kwamba hakutaka kunisumbua kazini. Tangu Jumanne. Duka la dawa la pale kwao hufungwa Jumapili, na kesho ndiyo Jumapili, na kaka hapokei simu.