Dropshipingi: nianze au nitulie zangu?

Wiki ya tatu sasa naangalia video za dropshipingi usiku mpaka bando linakata, asubuhi naamka sijafanya kitu. Kwa asiyejua, unaposti bidhaa ambayo huna, mteja akilipa ndo unaagiza kwa sapulaya, sapulaya anamtumia yeye moja kwa moja, wewe unakula cha juu. Yaani ni uwinga wa Kariakoo ila umevalishwa suti.

Kinachonikwamisha ni mteja wetu wa Bongo. Anakuja inboksi na "bei gani" wakati bei umeandika, ukimjibu anauliza duka liko wapi, na hela hatoi mpaka mzigo aushike mkononi. Sasa mzigo wenyewe uko China, nikamwambie alipe leo asubiri wiki tatu? Si ataniita tapeli hata sijaagiza, na kusema kweli hata mimi nisingelipa.

Jana nikaiweka China pembeni, nikapiga hesabu ya mzigo wa hapa hapa nyuma ya risiti ya luku. Blenda ndogo ya kuchaji, sapulaya wa Kariakoo anatoa kwa 22,000, niuze 32,000. Boda mpaka Mbagala 6,000 (na mteja anataka delivari bure eti), toa tangazo, toa bando, nikabaki na kama buku mbili. Ikirudi moja mbovu, faida ya wateja kumi imekwenda na maji.

Dada anasema niache matangazo, nianze na status ya WhatsApp tu. Picha tatu nimeshapiga. Bado ziko kwenye simu.