Mzigo Kwanza, Majoka Baadaye

Kigoma, Jumapili jioni

Rasimu nyingi za hadithi za ajabu huanza na ramani. Milima juu, msitu wenye jina la kutisha, falme mbili zinazogombana. Ramani ni tamu kuchora, na hapo ndipo inapopumbaza: penseli haichoki, haili, wala haidai posho. Sura ya pili jeshi linaaga nyumbani, sura ya tatu liko chini ya ukuta wa adui, na msomaji aliyewahi kutembea na ndoo ya maji kichwani anajua kuna kitu kimerukwa.

Naona heri dunia ya kubuni ianze na mzigo. Na sisi wa huku hatuna haja ya kukopa hesabu, ipo kwenye njia ya misafara ya Tabora na Ujiji. Mpagazi wa karne ya 19 alijitwika kama frasila mbili, kilo 32 hivi. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, tuseme robo tatu ya kilo. Tabora hadi Ujiji, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 350. Njia ya miguu hupindapinda, weka 400. Ukienda kilomita 16 kwa siku ni siku 25. Ongeza siku 5 za kupumzika, kuuguza homa na kungoja mto upungue. Siku 30 kwa robo tatu ya kilo ni kilo 22 na nusu. Yaani mpagazi akijibebea chakula chake chote, bidhaa ya tajiri inabakiwa na kilo tisa na nusu. Tajiri gani atakubali?

Basi chakula lazima kinunuliwe njiani. Na ukishaandika sentensi hiyo, dunia inaanza kujijenga yenyewe. Lazima kuwe na vijiji vyenye nafaka ya ziada, kila baada ya siku chache. Lazima kuwe na kitu cha kulipia: shanga, vitambaa, chumvi. Lazima kuwe na mtemi anayejua fika kwamba huwezi kupita na njaa, naye akadai hongo yake, yaani ushuru wa kupita, kabla hujafungua mzigo. Shanga nazo zina mitindo. Rangi inayogombewa kijiji hiki, kijiji cha mbele wanaisukuma kando. Kiongozi wa msafara aliyebeba rangi isiyotakiwa atalala njaa huku magunia yamejaa mali. Hicho ni kisa kizima, na hakuna joka hata moja.

Kwa jeshi ni vilevile. Askari 1,000 hula kilo 750 kwa siku, mizigo 23 na ushei. Hao wabebaji nao wanakula. Kwa hiyo jeshi la siku 30 msituni ama linapora, ama linanunua, ama linarudi. Amua lipi, kwa sababu wanakijiji wa sura zinazofuata watawakumbuka kwa hilo.

Halafu farasi. Kila rasimu ina farasi! Lakini jiulize kwa nini mizigo yote hiyo ilikuwa vichwani na mabegani mwa watu. Sababu ni mdudu: mbung'o, ndorobo wa misitu ya myombo, anayeambukiza ugonjwa wa nagana na kuua farasi, punda na ng'ombe. Ukitaka wapanda farasi kwenye nchi yako yenye myombo, mwondoe mbung'o kwanza. Ukimwondoa, ng'ombe wanaingia. Ng'ombe wakiingia, mahari inabadilika, vita vinakuwa vya malisho, na msitu wenye asali unaanza kukatwa. Sisemi usiweke farasi. Weka, ila ulipe gharama yake.

Chumvi inafundisha jambo jingine: majira. Pale Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, watu walikuja kiangazi, wakapiga kambi na kuchemsha maji hayo mpaka chumvi ikaganda. Masika mito hufurika na maji yanazimuka, hakuna la kuchemsha. Mfalme wa kubuni anayevamia chemchemi mwezi Machi atateka matope. Rasimu nyingi hazina mvua kabisa, labda siku ya mazishi.

Mwezi nao. Waandishi hupenda kuweka miezi miwili angani kwa urembo, kisha wanaisahau. Nenda mwalo wa Kibirizi uulize dagaa wanavuliwaje: usiku, kwa taa, karabai zamani na za sola siku hizi. Mbalamwezi ikikolea taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Sasa chukua mwezi mmoja wa siku 30 na mwingine wa siku 20. Hukutana giza kwa giza kila baada ya siku 60. Katikati, mmoja ukififia mwingine unang'aa, uvuvi unakatikakatika, na dagaa wakavu wanapanda bei. Madeni yote yatapangwa yalipwe kwenye giza la pamoja. Anayejua kulipigia hesabu mapema ana nguvu kuliko mchawi yeyote, na pengine ndiye mhusika wako mkuu.

Ziwa lenyewe lina masharti yake. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na vijana wengi huzamisha dubwana lao huko chini kabisa. Lakini kupita mita 200 hivi oksijeni imekwisha, samaki haishi. Dubwana linapumua nini? Labda linapanda juu kila usiku, na hapo linakutana na taa za wavuvi. Afadhali hivyo. Lisilopanda kamwe halina kazi kwenye hadithi.

Kuhusu uchawi nitasema machache, maana umeandikwa mno. Weka bei, weka mlipaji, weka lini. Mganga anayeponya bure sura ya kwanza atakuulia kila kifo mpaka sura ya mwisho.

La mwisho ni ngeli, na hili wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza hawana. Kiumbe ulichobuni kinachukua upatanisho gani? Chukua jiwe lenye roho. Wanakijiji wanasema, “Jiwe limeamka.” Kuhani anasema, “Jiwe ameamka.” Huhitaji aya nzima ya kueleza nani anaamini nini, ugomvi wao umeshasikika. Unaweza hata kumfanya mwanakijiji mmoja ateleze, aseme “ameamka” mbele ya watu, na wote wanyamaze wakimtazama. Ila shika utaratibu wako toka mwanzo, na uandike maelezo kwenye ukurasa wa kwanza wa muswada. Mhariri asiyeambiwa atayasahihisha yote yawe “limeamka”, tena kwa wino mwekundu.