Ukuta wa bibi na pimamaji

Nyumba ya marehemu bibi iko Gongoni, hapa Tabora, na haina ukuta hata mmoja ulionyooka. Fundi niliyemleta mwaka 2019 aliweka pimamaji sebuleni, akacheka, akashauri tubandue lipu ya udongo tupige ya saruji. Nikakubali. Nilikuwa na hela ya mifuko sita na akili ya nusu mfuko.

Ilimaliza masika moja tu. Tofali za bibi ni mbichi, na unyevu uliokuwa ukipanda toka msingini na kutokea ukutani taratibu, sasa ulifungiwa ndani. Ukigonga, ko ko ko, patupu. Mwezi wa tatu kipande kipana kama mlango kikaangukia kabati la vyombo, mgongoni kimebeba unga wa tofali. Vikombe vinne vya harusi ya bibi vikaenda nacho.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Isevya. "Mjukuu wangu, dukani unafuata nini? Tafuta kichuguu." Tukachimba udongo wa kichuguu, tukauchekecha, tukaukanda na mchanga, nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, tukauacha umelowa siku nne. Majirani walilalamika harufu, na siwalaumu.

Mzee aliunywesha ukuta maji kwanza, kisha akakandika kwa kiganja. Mwiko ulishinda ndooni. Kesho yake nyufa nyembamba kama nywele zikatokea. Nikaona tumekwisha. Yeye akalowesha kipande cha gunia, akawa anasugua kwa kuzungusha, zikajifunga mbele ya macho yangu. Juu tukapaka chokaa mikono mitatu, nyepesi kama maziwa. Mkono wa kwanza huoni kitu. Chokaa huanza kuwa nyeupe ikikauka, na hukaza polepole kwa kunywa hewa.

Mwenye shaka na udongo aende tembe la Kwihara, nyumba ya udongo nje kidogo ya mji, alikokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872. Limeshakarabatiwa, lakini aguse ukuta wake saa nane mchana, mwezi wa kumi, Tabora inapochemka, aone ulivyo baridi.

Nyuma ya mlango wa chumba cha bibi kimebaki kipande cha lipu ya zamani, usawa wa goti, kina alama za vidole vinne vidogo. Shangazi anasema ni vyake, alichapwa kwa kugusa udongo mbichi. Baba mdogo anaapa ni vyake, na yeye ndiye aliyechapwa. Hapo brashi ya chokaa niliipitisha kando.