Pembe za Chausiku

Ukifika kwangu asubuhi wakati wa kukamua, utaona Zawadi anakamuliwa chuchu tatu. Ya nne ipo, imesinyaa, haitoi kitu. Wageni hudhani ni ugonjwa wa kiwele. Siyo. Ni pembe ya mwenzake.

Nafuga hapa Rungwe, ng'ombe wanne chotara wa Friesian, wote bandani, majani ya Guatemala na mabua, kiangazi kikikaza naongeza mashina ya migomba. Chausiku nilimnunua akiwa mtamba, pembe zake tayari zimepita shibiri. Baba mkwe alipomwona alimzunguka mara mbili. "Mama Tuli, sasa hapa umenunua ng'ombe." Kwa mzee, ng'ombe asiye na pembe ni mbuzi mkubwa tu.

Ng'ombe wa machungani akitishwa na mwenzake hukimbia. Wa bandani akimbilie wapi? Jioni moja nimemimina pumba na mashudu horini, Chausiku akataka sehemu ya Zawadi. Zawadi akageuka kutoka, akateleza, pembe ikampata kiweleni. Damu na maziwa vikachanganyika sakafuni. Daktari wa mifugo alishona, lakini chuchu ile haikurudi. Hesabu ya maziwa niliyopoteza naijua, sitaki kuiandika.

Basi nikaamua pembe za Chausiku zitoke. Daktari alikubali, ila akanikatalia kuifanya masika, kwa sababu ya nzi. Tukasubiri Juni, baridi ya huku kwetu Tukuyu inapouma mpaka kwenye mifupa. Alichoma ganzi kati ya kona ya jicho na shina la pembe, pande zote mbili, tukasubiri, akamdunga sindano kwenye ngozi kuhakikisha hasikii. Kisha akazungusha waya wa kukatia, ule uliosokotwa wenye meno meno, akaanza kuvuta huku na huku. Waya ulipata moto mpaka ukatoa moshi. Pembe ilipoanguka, damu iliruka kwa michirizi miwili myembamba ikafika ukutani, na mimi nilikuwa nimevaa gauni la kwenda nalo mjini.

Lakini si damu iliyonitisha. Daktari alipokwisha kuibana mishipa, niliona tundu katika kichwa cha ng'ombe wangu, naweza kuingiza kidole. Na kwa ile baridi, kila Chausiku alipopumua, mvuke ulitoka puani na mwingine ukatoka kwenye tundu. Daktari akanieleza kuwa ng'ombe mkubwa, ndani ya pembe kuna mfupa wenye uwazi unaoungana na matundu ya kichwani, na hayo yanaungana na pua. Ukikata pembe umefungua kichwa. Ndiyo maana jeraha lile likiingia uchafu au mabuu, ng'ombe huinamisha kichwa upande mmoja na usaha humtoka puani. Tulimfunga pamba na kitambaa, tukampulizia dawa ya bluu pembeni, tukamlisha chini ili vumbi la majani lisimdondokee kichwani. Maziwa yalishuka wiki ile yote. Tundu lilichukua zaidi ya mwezi kuziba.

"Mama," daktari akaniambia akinawa mikono, "hii kazi ulitakiwa kuifanyia ndama."

Ndama wa kwanza baada ya hapo alizaliwa Aprili, nikamwita Masika, na jina hilo ndilo lililoniponza. Jirani alinishauri dawa ya kupaka, ile yenye kostiki soda, kwamba ni rahisi na haina moto. Kweli ni rahisi. Unanyoa nywele ndama akiwa na siku chache tu, unazungushia Vaselini ili dawa isitambae, unapaka kidogo juu ya kichipukizi cha pembe. Ila inataka ndama akae pakavu, mbali na kiwele cha mama yake na mbali na wenzake wanaomlamba. Nani ana pakavu Tukuyu mwezi wa nne? Bati langu lilikuwa linavuja, sikujua. Nilimkuta Masika anafumba jicho la kushoto, mstari mwekundu umeteremka shavuni. Nilimwagia maji ndoo baada ya ndoo. Jicho lilipona, lakini mpaka leo ana njia isiyo na nywele chini yake, kama aliyelia machozi ya moto. Na pembe ya upande ule iliota nusu, imejikunja.

Sasa natumia chuma. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea nondo yenye mpini wa mbao, ncha imechimbwa tundu la kuingia ncha ya kidole gumba. Ndama wa wiki tatu au nne, ukimpapasa kichwani unasikia kichipukizi kama punje ya maharage, kinateleza pamoja na ngozi. Bado hakijashikana na fuvu. Kikipita kama miezi miwili kinashika, na hapo unaanza safari ya kuelekea kwa Chausiku. Daktari anampa ganzi na sindano ya kutuliza maumivu, hilo sikubali lirukwe hata nikiambiwa ndama hasemi. Tunasubiri dakika kumi. Kope za juu zinalegea, anakuwa kama ana usingizi. Chuma kinatoka kwenye mkaa kikiwa chekundu hasa; kikiwa cheusi unamtesa tu, utakirudisha mara tatu. Unakandamiza, unazungusha, unahesabu polepole kumi mpaka kumi na tano, hapo hapo unatoa, maana fuvu la ndama ni jembamba na ubongo uko karibu. Harufu ni ya kwato iliyoungua, inakaa kwenye kilemba siku mbili. Unachotafuta ni duara la rangi ya shaba kuzunguka kichipukizi. Likikatika mahali, pembe itaota mahali hapo.

Ndama wa mwisho alipomalizwa alisimama, akaja kunyonya vidole vyangu akitaka ndoo yake ya maziwa.

Mtaalamu wa uhimilishaji, yule anayewapandikiza ng'ombe mbegu, ananiambia zipo mbegu za madume yasiyo na pembe, na kwamba kutokuwa na pembe kuna nguvu katika damu: dume akirithi upande mmoja, karibu nusu ya ndama wake hawana, akirithi pande zote, wote hawana. Nilimweleza baba mkwe. Akakaa kimya, akauliza, "Na miguu wanayo?"

Pembe za Chausiku alizichukua yeye, zimening'inia barazani kwake. Chuma changu kilichukuliwa na jirani yuleyule wa dawa ya kupaka, Jumapili iliyopita, "nakirudisha jioni." Nina ndama wa siku kumi na nane bandani, nami nimeanza kupita pale kwake kila asubuhi nikimsalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida.