Mrefu wa chuoni si lazima acheze namba tano

Kwenye mpira wa kikapu wa vyuo vya Mtwara, kijana wa mita 1.90 akitokea tu uwanjani anapewa namba tano, yaani senta. Kocha anayetaka ribaundi, yaani mipira inayorudi mtupo ukikosa, humpanga chini ya kikapu, na kwa miaka miwili kijana karibu hadundi mpira kabisa. Akija kocha wa mchezo wa kasi, anamtoa hadi mstari wa pointi tatu, mita 6.75, halafu anaonekana hafai. Anafaa sana, ila hajafundishwa.

Kwa kimo hicho mimi namwona namba nne, mshambuliaji wa karibu na kikapu, anayejifunza namba tatu, mshambuliaji wa pembeni. Mtanzania Hasheem Thabeet alikuwa senta kamili chuoni Connecticut, Marekani, chini ya kocha Jim Calhoun, lakini yule ana mita 2.21!

Mabadiliko yaanzie miguuni. Dakika 15 kila siku adunde kwa mkono dhaifu, kisha amkabe mchezaji mwepesi kwa hatua za pembeni, magoti yamekunjwa. Senta aliyezoea kusimama wima hupitwa hapo hapo. Mitupo 100 ianzie mita 4, na asirudi nyuma mpaka afunge 6 kati ya 10. Akiharakishwa atausukuma mpira kutoka kifuani ili ufike, na tabia hiyo ni ngumu kuitoa. Msimu wa kusi, kwenye viwanja vya wazi, upepo huyumbisha mitupo ya mbali; afanye asubuhi na mapema.

Kocha mpya asimnyang'anye kazi ya kumziba mpinzani kwa mgongo wakati wa ribaundi. Hiyo ndiyo itakayompa dakika za kucheza wakati mtupo unakomaa.