Daftari la timu, mwezi wa kusi

Jumapili ya tano bila mechi, na leo alasiri nimekwenda uwanja wa Alaskan hapa Malindi na daftari kwapani. Hapakuwa na mtu ila watoto kumi na wanane hivi, wanacheza goli kwa goli, milingoti ni malapa yaliyopangwa mchangani. Kusi linavuma kwa nguvu wiki hii, mpira ukipigwa juu huwarudia wenyewe. Nitaeleza nilichokwenda kufanya, lakini lazima nianzie Alhamisi.

Alhamisi baada ya magharibi tulikuwa barazani, pale tunapokaa siku zote, dele la kahawa liko katikati. Ligi ikiwa inachezwa, maneno yetu huwa ni ya dakika tisini: nani alikosa, refa alikataa goli gani. Ligi ikiisha, maneno hugeuka yakawa ya maisha ya watu. Kipa amepata kazi ya hoteli, maana Agosti wageni wa Italia wanakuja na hoteli zinaajiri, na zamu ya jioni ndiyo saa ya mazoezi. Hatuwezi kumwambia aiache, ana mke na mtoto wa miezi minne. Beki wa kati ni mvuvi. Huyu kusi limemweka bara, mashua yake haiwezi bahari ya sasa, kwa hiyo kila alfajiri anakimbia kutoka jeti hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama na kurudi, na nadhani hakuna aliye fiti kumshinda. Kocha inasemekana ameitwa na timu moja ya Watamu. Mwenyewe alipita akakana, nami nimemwamini, kwa sababu alikuja na mpango wa mazoezi ya wiki sita ameuandika kwa mkono wake.

Kisha straika. Msimu uliopita tulitoka sare mechi tisa. Tisa! Kila mtu barazani ana dawa ya ugonjwa huo, na dawa ya wengi ni kijana mmoja wa Mambrui ambaye tumemwona kwenye tonamenti za Ramadhani. Mchango ulikuwa umeanza kukusanywa kwa ajili yake: nauli zake za msimu mzima, daluga mpya na kitu kidogo cha mkononi.

Kwa msomaji asiyejua tuko wapi: tuko chini sana. Juu kuna Ligi Kuu ya Kenya yenye timu 18, chini yake Ligi ya Taifa ya Super, kisha Divisheni ya Kwanza, Divisheni ya Pili, halafu ligi za chini zaidi mpaka za kaunti. Kila ngazi unayoshuka, basi la timu linageuka matatu ya kukodi, na matatu inageuka mchango wa mashabiki kwenye M-Pesa. Mshahara hakuna. Mchezaji wetu hupata nauli na maji, na tukishinda ugenini hupata sahani ya pilau.

Lakini habari iliyotunyamazisha Alhamisi haikuwa ya straika. Ilikuwa ya winga wetu wa kushoto. Simtaji jina, ni mtoto wa watu na bado ana miaka 17. Timu ya Mombasa inamtaka. Wamempigia mamake, wamempigia kocha, wanataka barua ya kumwachilia kabla dirisha la usajili halijafungwa.

Nimemwangalia kijana huyu akikua. Mpira ukimfikia pale kwenye chaki ya kushoto, watu waliokaa husimama, hata wale wanaouza mabuyu na achari. Hana mbio za kutisha. Anachojua ni kusimama. Anasimama ghafula, beki anapita, yeye anabaki na mpira na uwanja mzima mbele yake. Sijui kama jambo hilo linafundishika, kwa sababu sisi hatukumfundisha.

Maneno yakawa makali. Shabiki mmoja, mtu ninayemheshimu na aliyelipia matatu zetu kuliko yeyote, akasema barua isitolewe mpaka Mombasa walete pesa. "Tumemlea sisi. Mtu hachumi embe kwenye shamba la mwenziwe akaondoka na ahsante." Mzee wetu wa baraza akamjibu polepole kwamba Mombasa imevuta vijana wa Pwani tangu yeye hajaota ndevu, tangu enzi za Feisal, ile timu ya Mombasa iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na kwamba kijana aliyezuiliwa hachezi vizuri kwa yeyote. Akasema amewaona. Walizuiliwa kwa barua, wakakaa mwaka mzima bila timu, wakaacha mpira wakaenda zao.

Mimi niko upande wa mzee, tena kwa nguvu zote. Kumnyima kijana wa miaka 17 karatasi ili umuuze ni dhuluma, hata kama nia ni kununua jezi. Lakini lile neno la embe lilinifuata mpaka nyumbani, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na ukweli. Tumemlea. Je, malezi hayo yameandikwa popote?

Nina daftari. Nilianza kuandika mwaka 2012, kila mechi: waliocheza, waliofunga, hali ya hewa, nani alilipa nauli. Sasa ni madaftari saba. Usiku ule nikayatoa sandukuni nikamtafuta. Nikampata kwenye tonamenti ya likizo ya Desemba, miaka minne na kitu iliyopita. Nimeandika hivi: "Mtoto mpya, miaka 13, mguu wa kushoto, hana viatu. Ameingia dakika kumi za mwisho. Aitwe tena." Nilisoma mstari huo mara nyingi.

Sasa niseme jambo ambalo mashabiki wa timu ndogo wanastahili kulijua, nami nimelijua kwa kuchelewa. FIFA ina kanuni ya mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa timu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Misimu ya 12 hadi 15, kila mmoja una robo ya asilimia. Kuanzia 16 hadi 23, kila msimu una nusu asilimia. Timu haihitaji kuwa kubwa wala kulipa mishahara. Inahitaji kuwa ilimsajili. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 kuna hata ofisi ya FIFA kule Paris ya kupitishia malipo hayo, na kinachotazamwa ni pasi ya mchezaji: orodha ya kila timu aliyosajiliwa na kipindi alichokaa.

Nikapiga hesabu kwa Victor Wanyama, mchezaji wetu wa Kenya, kwa sababu bei yake naikumbuka. Mwaka 2013 Southampton ya Uingereza walimnunua kutoka Celtic ya Scotland kwa pauni milioni 12.5. Chukua timu yoyote iliyomlea mchezaji wa bei hiyo tangu 13 hadi 17. Misimu mitatu ya robo, misimu miwili ya nusu, jumla asilimia 1.75. Ni pauni 218,750. Nilirudia hesabu kwa kalamu, kisha kwa simu, ikaja ile ile. Kwa pesa hiyo timu kama yetu haichangishi nauli tena kizazi kizima.

Najua winga wetu anakwenda Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka hapa, wala haendi Ulaya. Kwa uhamisho wa ndani ya nchi kanuni hii haitupi hata shilingi. Huenda asivuke mpaka maisha yake yote. Sikuwa naota pauni. Kilichoniuma ni kingine: Ijumaa asubuhi nilimwomba katibu anionyeshe usajili wake kwa shirikisho. Unaanzia miaka 16.

Misimu mitatu ya mwanzo haimo. Alicheza nasi, alifanya mazoezi nasi, tulimnunulia daluga zake za kwanza, lakini tulikuwa tunasajili wale tu tunaowahitaji kwa ligi, kwa sababu kila jina lina gharama na watoto tulisema tutawasajili baadaye. Madaftari yangu yanasema misimu mitano. Usajili unasema miwili. Kwa ile hesabu ya Wanyama, tofauti ni pauni 93,750. Hata tukiziacha pauni kabisa, tofauti ni kwamba mtoto aliyeingia dakika kumi za mwisho bila viatu, kwa mujibu wa karatasi, hakuwahi kuwa wetu.

Kikao cha Ijumaa baada ya isha kilikuwa kirefu. Nilisimama nikaomba mchango uliokusanywa utumike kuwasajili watoto wa 12 na 13 wanaofanya mazoezi na sisi. Sikupokewa vizuri. "Ami, unauza samaki aliye baharini," kijana mmoja akaniambia, na wengi wakamuunga mkono. Sare tisa ziko wazi, zinaonekana. Straika anaonekana. Mtoto wa miaka 12 atakuwa nini baada ya miaka kumi, nani ajuaye? Nikawaambia siwaahidi samaki. Naomba tu nyavu zetu zitiwe alama, maana tunavua kila siku na hatuna hata kamba ya kuonyesha.

Kocha ndiye aliyeigeuza hali. Alisema kwamba mtoto akishasajiliwa hata mzazi wake humwangalia kwa jicho lingine, humruhusu kuja mazoezini, na kwamba yeye hupoteza watoto wengi wenye miaka 14 kuliko wenye miaka 18. Sikuwa nimelifikiria hilo. Basi tukakubaliana nusu: watoto kumi na mmoja wasajiliwe sasa, wengine wangoje. Pesa iliyobaki haimtoshi straika. Jana asubuhi tukasikia amejiunga na timu nyingine. Kuna watu wawili barazani hawajaniamkia tangu hapo, na siwalaumu, kwa sababu mechi ya kwanza tukitoka sare nitajua wananitazama.

Barua ya winga ilitiwa saini jana. Alikuja na mamake nyumbani kwangu baada ya alasiri, wamebeba mahamri na mbaazi kwenye sufuria, kana kwamba mimi ndiye niliyemwachilia. Mimi si mwenyekiti wala katibu, mimi huandika tu. Mamake akaniuliza, "Ami, huko Mombasa atakula wapi? Atalala na nani?" Nikamwambia tumeuliza, kuna nyumba wanayokaa vijana wa timu, na kuna beki mmoja mtu wa Majengo hapa hapa Malindi ambaye ameahidi kumwangalia. Akanyamaza. Kisha akasema, "Babake angekuwa hai angekwenda kuiona hiyo nyumba kwanza." Nikamwambia Jumatano nitakwenda nao. Sikuwa nimepanga hivyo, lakini nilipolisema niliona ndilo nililotakiwa kulisema tangu mwanzo.

Kijana mwenyewe hakusema mengi. Nilimfungulia daftari la tatu, nikamwonyesha mstari wake. Aliusoma, akacheka kidogo kwa lile neno la viatu, kisha akauliza kama anaweza kuupiga picha. Nikamwambia piga. Halafu nikafanya jambo ambalo sijui lina uzito gani mbele ya sheria: nikaandika ukurasa mzima, tarehe za tonamenti zote alizotuchezea kabla ya usajili, kiwanja, waliocheza naye, nikatia saini, kocha akatia saini, mamake akatia saini. Picha mbili za timu za mwaka ule tumezibandika nyuma. Amechukua nakala moja, nyingine iko kwa katibu. Haitaingia kwenye mfumo wowote, naelewa. Niliona tu kwamba hawezi kuondoka Malindi bila karatasi inayosema alifika lini.

Ndiyo maana leo nilikuwa Alaskan. Kocha alinipa majina ya watoto kumi na mmoja, nami nilikwenda kuchukua tarehe zao za kuzaliwa na namba za simu za wazazi. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Watatu wana vyeti nyumbani. Wanne wamesema mama anajua. Mmoja alinitajia mwaka kisha mwenziwe akamkatalia, wakabishana mpaka mpira ukasimama. Mmoja wa Muyeye anaishi na dada yake, na dada anafanya kazi usiku, kwa hiyo itabidi niende kesho saa nne asubuhi.

Nilipokuwa nafunga daftari, mtoto asiye kwenye orodha alikuja akasimama mbele yangu. Ndiye aliyekuwa golini, upande ule kusi linakopiga usoni, na mchanga umemjaa hata kwenye kope. Akasema, "Shikamoo ami. Na mimi niandike." Nikamwambia orodha ni ya kocha, yeye angoje kidogo. Akauliza kidogo ni lini. Nikafungua daftari.

Ana miaka 12, ametimiza mwezi uliopita, cheti kiko kwa bibi yake Marafa. Bibi hana simu. Basi Jumanne, inshallah, nitapanda matatu ya Marafa, na Jumatano Mombasa.